Hesabu ya Sukari

Siku ya kwanza Mutugi aliniambia:
"Hapa hatuna bosi. Niite Tugi."
Nikamwita Tugi miaka miwili na miezi saba,
na kila Tugi niliyoitamka
ilikuwa na "mheshimiwa" ndani yake, kama kokwa.

Orofa ya nne, Kilimani, nyuma ya kituo cha petroli.
Ukutani, kwa rangi ya machungwa:
SHIDA NI FURSA ILIYOVAA VIBAYA.
Kengele ya shaba kwenye meza ya mauzo,
ipigwe kila tunapopata mteja mpya
nasi tushangilie, hata aliye kwenye simu
akitukanwa na mama wa Githurai
ambaye viazi vyake vimelala Limuru tangu juzi.
Aliye kwenye simu alikuwa mimi.
Nilipiga makofi kwa mkono mmoja, pajani.

Jumatatu tulisimama duara,
kila mtu ataje ushindi wake wa wiki.
Jepkosgei alisema mtoto wake ametembea.
Tugi akatabasamu: "Safi sana. Na wa kazi?"

Neno lake lilikuwa familia.
Familia hailipani saa za ziada.
Familia haiandikiani.
Familia hujibu ujumbe saa sita usiku,
na asiyejibu huulizwa asubuhi, kwa upole,
kama bado ana moto.
Nilikuwa nao. Daktari aliuita kiungulia.

"Tuna miezi kumi na minane ya kuruka," alisema,
akichora ndege ubaoni.
Mwezi uliofuata: kumi na minane.
Uliofuata: kumi na minane bado.
Mimi nilisomea hesabu Maseno.
Nilinyamaza.

Syokau wa jikoni hakuhitaji ubao.
"Kwanza walikata mandazi," aliniambia akisuuza vikombe,
"nikasema labda wanayaonea huruma matumbo yenu.
Kisha maziwa ya pakiti yakawa ya unga.
Sasa kilo moja ya sukari imalize wiki,
watu thelathini na wawili.
Mwanangu, tafuta kazi."

Nilicheka. Nilikuwa na karatasi ya hisa,
asilimia sifuri nukta sifuri tano
ya kitu ambacho kingekuja kuwa kikubwa,
nimeihifadhi ndani ya Biblia ya marehemu nyanya,
na sikuchagua ukurasa, naapa,
lakini ilikaa kwenye Hesabu.

Alhamisi moja chai ikaja ya rangi, kavu.
Kengele ilikuwa haijalia siku tisa.
Kesho yake tuliitwa mmoja mmoja
kwenye chumba cha kioo kiitwacho Longonot,
wengine wakitazama migongo yetu
na kujifanya wanaandika.
Tugi alilia. Si uongo, machozi yalimdondoka
juu ya barua yangu,
na mimi ndiye niliyemsogezea kitambaa,
mimi ndiye niliyesema pole,
mimi, ninayefutwa.
Kuhusu mishahara ya miezi miwili, alisema,
tutaongea kama familia.

Syokau hakuitwa Longonot.
Yeye aliambiwa na mlinzi, getini,
mfuko wake wa mboga mkononi.

Nimebaki na fulana tatu za kampuni.
Moja huvaliwa na mama shambani, Ol Kalou.
Akiinama kuchimba viazi, mgongo wake wote
unatangaza kwa herufi za machungwa:
TUNALISHA MJI.
Juzi aliniuliza kama bado tunanunua,
maana dalali amekuja na gunia lake
lililoshonewa kilemba kirefu kuliko gunia lenyewe.
"Hebu mwambie huyo rafiki yako, Tugi."
Nikasema nitamwambia.
Akanimiminia chai, akatia sukari vijiko vitatu
bila kuuliza,
akakoroga.